Kitanda Nyuma ya Dereva

Jumatatu, 2 Juni

Daftari hili nimepewa na nesi Magreth wa zahanati kwa sababu kadi za kliniki zimekwisha. Kurasa za mbele ni zake, anaandika uzito na presha. Za nyuma nimezichukua mimi. Mume wangu Urbano akirudi jioni anakula na kulala, na maneno yakikaa ndani yangu pamoja na mtoto naona yatambana.

Sisi ni Warundi wa Muyinga. Kiswahili nilikiokota utotoni, kambini Ngara, na shule niliishia darasa la tano. Huu ni msimu wetu wa tatu kwenye shamba la vitunguu la Abdulrazaki, nje ya Nduguti. Mwenyewe anakaa mjini Singida, Utemini. Shamba analiendesha Mzee Chediel, msimamizi, Mnyiramba wa hapa hapa, mtu mrefu asiyecheka. Kila familia inapewa majaruba yake, inayapalilia na kuyamwagilia mpaka siku ya kung'oa, na inalipwa vitunguu vikishauzwa.

Mwaka jana mwezi wa nane nilizaa hapa, kwenye kibanda cha turubai. Mtoto wa kiume. Asubuhi alipumua, mchana akaacha. Urbano alimzika kwenye kona ya jaruba letu la mwisho, kwa jembe lile lile la kupalilia. Hapakuwa na mahali pengine. Makaburi ya kijiji ni ya wenye kijiji. Mwaka huu niliomba jaruba lile tena, Chediel akanipa bila kuuliza. Hakuna alama. Kuna vitunguu tu.

Baada ya kifo kile Chediel aliweka sheria: mwanamke aliyezidi miezi sita hapewi jaruba, arudi kwao. Mimi nina saba. Nimesema tano. Kila asubuhi najifunga tumbo kwa kitenge kabla sijatoka. Nesi naye nimemwambia tano, maana Nduguti ni padogo na maneno yana miguu. Alinipima kwa utepe, akaguna.

"Tumbo lako limekwenda mbele kuliko hesabu yako, mama."

Nikamwambia kwetu tunazaa mapacha. Si kweli.

Ninachotaka ni kimoja. Huyu nimzae Muyinga, kwa mama yangu, kwenye nyumba yenye mlango. Akiishi, aishi kwetu. Asipoishi, alale kwetu. Vitunguu vitang'olewa mwanzoni mwa mwezi wa nane, na mtoto atakuja katikati yake. Nafasi ipo, ila ni nyembamba.

Jumatano, 4 Juni

Upepo kutwa. Vumbi mpaka kwenye uji.

Jumamosi, 7 Juni

Leo amekuja Hanifa, mke mdogo wa Abdulrazaki. Mumewe alikwenda kukagua pampu na Chediel, yeye akakaa kivulini kwenye banda la vitunguu, akaagiza kreti, akalitandikia leso ndipo akakalia. Ana mimba ya miezi mitano, ya kweli. Damari, Mnyiramba tunayepakana majaruba, alimtazama akasema polepole, "Huyo akitembea, ardhi inamwomba samahani."

Aliniona nikinyoosha mgongo akaniita.

"Wewe dada, una mzigo kama wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama, tunalingana. Mingapi?"

"Mitano."

Akafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu. Kumbe hana wa kuzungumza naye. Kwake yuko na mke mkubwa, na mke mkubwa hasemi naye ila habari za chumvi. Ameniambia mwezi ujao anakwenda kujifungulia Maskati, kwa dada yake aliyeolewa huko. Nilimsikiliza nikiwa nimesimama. Hakufikiri kuniambia nikae.

Jumapili, 15 Juni

Nimegombana na Chediel, au mimi nimegombana, yeye hakugombana na mtu.

Maji ya pampu yanapita kwenye mfereji, na mwenye zamu anafungua tuta kwa jembe, yanaingia jaruba moja baada ya jingine. Nimemwona kwa macho yangu mara ya tatu sasa. Maji yakifika jaruba langu la mwisho, anakuja mwenyewe, anamnyang'anya jembe mwenye zamu, anayageuza kabla hayajafika mwisho. Robo nzima ya jaruba haipati kitu. Vitunguu vya pale vimedumaa, vimekuwa kama vya kuchezea watoto.

Nikamwambia, "Mzee Chediel, shikamoo. Mbona jaruba langu halishibi?"

"Marahaba. Linashiba."

"Kule mwisho pamekauka."

"Pampu haina nguvu."

"Kwa Damari ina nguvu."

Alinitazama, akaenda zake. Jioni nilimwambia Urbano kwamba huyu mzee anataka jaruba lifeli ili mwaka kesho tusipewe. Urbano akasema, "Pengine." Ndilo jibu lake kwa kila kitu mwaka huu, tangu alipochimba ile kona.

Jumanne, 17 Juni

Kupalilia.

Jumatano, 18 Juni

Kupalilia. Baridi asubuhi, vidole havikunjiki.

Jumamosi, 21 Juni

Hanifa tena. Safari hii alikuwa na simu mkononi, anasoma mambo ya kusafiri na mimba, na kila akisoma jambo ananieleza mimi, kana kwamba ndimi ninayepanda ndege.

"Kiti unachukua cha njiani, siyo cha dirishani, ili uinuke bila kumruka mtu. Kila baada ya muda unatembea kidogo. Maji unakunywa sana. Mkanda unafungwa chini ya tumbo, usiupitishe juu yake. Na daktari anakuandikia barua ya miezi, maana ikizidi minane hawakupandishi."

"Hawakupandishi?"

"Wanaogopa utazaa juu huko. Nani atakupokea, rubani?"

Akacheka. Hata Damari alicheka.

Kisha akatoa soksi kwenye mkoba, ndefu, nyeusi, zinafika magotini. Eti zinabana damu isilale miguuni. Amenunua jozi mbili. Kutoka Singida mumewe atampeleka na gari mpaka Dodoma, Dodoma treni ya umeme, Dar atapumzika siku mbili kwa shangazi, ndipo ndege.

"Na wewe utazalia wapi, Dorkas?"

"Kwetu. Muyinga, Burundi."

"Kumbe na wewe unakwenda ng'ambo," akasema. Hakuwa ananicheka. Aliniuliza nina karatasi gani ya kuvukia. Nikamwambia tulivuka na kibali cha muda, kimekwisha. Akasema hilo dogo, ana jamaa yake anafanya kazi ofisi moja mjini, atamuulizia namna ya kutupatia karatasi mimi na mume wangu, tusafiri kwa raha.

Usiku huu nimemwambia Urbano yule mwanamke si mbaya. Akasema pengine.

Jumamosi, 28 Juni

Miguu imevimba. Hanifa hakuja.

Alhamisi, 3 Julai

Wamemchukua Urbano.

Gari la uhamiaji lilikuja saa nne asubuhi. Sisi wanawake tulikuwa tumechuchumaa tunang'oa magugu, wanaume walikuwa kwenye mfereji. Mmoja wa wale maofisa alikuwa na jina la shamba na alijua wanatafuta Warundi wawili, mume na mke. Aliwasalimia watu vizuri. Urbano walimjua alipofungua mdomo kuitikia.

Kisha wakaja upande wetu. Mzee Chediel alikuwa mbele yao. Nilimsikia akisema kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka, "Hawa ni wa kijijini hapa. Wanyiramba watupu. Mke wa huyo aliondoka mwezi uliopita."

Ofisa akasimama nyuma yangu. Niliona viatu vyake. Damari akageuka, akaniambia kitu kwa Kinyiramba, kirefu, akinipiga begani, mwishoni akacheka. Sikuelewa hata neno. Nikacheka. Nilicheka kama anavyocheka Damari, kwa kuinamisha kichwa, na nikazidi kucheka. Nikiwa nacheka nikasikia mlango wa nyuma wa gari ukifungwa, na Urbano alikuwa ndani, na bila shaka alinisikia.

Gari lilipokwisha kwenda Damari alikaa chini kwenye majaruba. Nikamuuliza aliniambia nini.

"Nilikwambia ng'ombe wa mama mkwe amekula sabuni. Ndicho kilichonijia."

Mtoto alitulia kimya mpaka mchana, kama aliyeambiwa ajifiche.

Ijumaa, 4 Julai

Sikulala. Nawaza: yule mzee alijibu upesi mno. Uongo wake ulikuwa umeshaiva. Mtu anakuwaje na jibu tayari kama hakujua kwamba wanakuja?

Jumatatu, 7 Julai

Urbano amepiga kwenye simu ya Damari. Wamevushwa mpakani Kobero salama, sasa yuko kwa mama yangu.

"Walitutendea vizuri," akasema. "Njiani walitupa maji ya chupa na mkate. Nilikaa kiti cha mbele kuanzia Nzega, kwa sababu nilitapika."

"Basi wewe ndiye uliyesafiri kwa raha," nikamwambia.

Akauliza, "Siku ile ulikuwa unacheka nini?"

Nikamweleza ng'ombe na sabuni. Hakucheka. Nikasikia mama nyuma yake akiuliza mimba ina hali gani.

Jumamosi, 12 Julai

Hanifa amekuja kuniaga. Anaondoka keshokutwa. Alinitafuta kwa macho, kisha akauliza, "Mumeo yuko wapi? Yule jamaa yangu alisema watawatuma watu waje kuwaona, wawasaidie. Nilimpa majina yenu na shamba."

Damari alisimamisha jembe.

"Walikuja," nikasema.

"Eh, afadhali. Wakampa karatasi?"

"Wamempeleka mpaka kwao."

Akatabasamu, halafu tabasamu likasimama njiani. Hakuwa mjinga. Alishika mdomo kwa ule mkono wenye hina. Akasema "Dorkas" mara mbili. Akasema alidhani, alidhani tu. Nilijua kwamba anasema kweli. Hajawahi kuomba kitu ofisini akaletewa gari. Ningemchukia ningepumzika, lakini sikuweza, na nguvu zenyewe sina.

Aliniachia jozi moja ya zile soksi na chupa ya maji ya kufunga, nzuri, isiyovuja. "Uvae safarini," akasema. "Na barua usisahau." Alipoondoka Damari akasema, "Angekuwa amekuja na bunduki tungemkimbia."

Kwa hiyo hakuwa Chediel. Sikwenda kumwambia, maana hakujua kwamba nilimshuku. Au alijua. Uso wake hausomeki.

Jumapili, 20 Julai

Maji yamesimamishwa. Majani ya vitunguu yameanza kulala. Kona yangu imelala mapema kuliko zote, kwa kiu.

Nimemaliza kupalilia kwa magoti, maana kuchuchumaa siwezi tena. Chediel alipita akasimama.

"Mama Muyinga. Vitunguu vikishatoka utaondokaje?"

"Kwa basi mpaka Kahama, kisha nitaona."

"Vizuizi ni vingi. Watakushusha." Akachokonoa meno kwa kijiti, akatazama pembeni. "Shemeji yangu Yeremia anaendesha lori la mizigo, Dar mpaka Bujumbura. Nyuma ya kiti cha dereva kuna kitanda na pazia. Utalala humo mpaka Kobero. Nimezungumza naye. Atapita barabara kuu mwanzo wa mwezi wa nane. Lakini anataka barua ya nesi, kwamba hali inaruhusu. Hataki makubwa njiani."

Nikamwambia asante. Akasema hakuna haja. Kisha akauliza, "Ni miezi sita sasa?"

"Sita na kitu," nikasema.

Ilikuwa nafasi ya kusema kweli. Niliiona, kubwa kama mlango. Nikawaza: nikisema minane, Yeremia hanichukui, na mimi nitazaa pale pale kwenye turubai, na kona ile ina nafasi ya mwingine. Nikanyamaza. Kitanda na pazia. Hata Hanifa hakuniambia kwamba ndegeni kuna kitanda.

Alhamisi, 24 Julai

Kliniki. Nesi Magreth alinilaza, akaminya tumbo juu na chini kwa muda mrefu.

"Kichwa kiko juu. Matako ndiyo yako chini."

"Ni vibaya?"

"Kwa miezi sita na nusu si neno, bado anaogelea, atageuka. Ungekuwa na minane leo hii ningekupeleka hospitali Singida, usingegusa basi wala baiskeli." Akanitazama juu ya miwani. "Una uhakika na tarehe zako?"

Singida maana yake wodi, na wodi wanauliza unatoka wapi, na karatasi sina. Singida maana yake kisu, na kukaa, na lori kupita. Nikasema nina uhakika. Mapacha hakuwataja tena, mimi pia sikuwataja.

Akaniandikia barua na kupiga muhuri. Mimba miezi sita na nusu, mama na mtoto wazima, anaweza kusafiri akiwa amelala. Muhuri mzuri wa bluu. Barua nimeikunja ndani ya soksi.

Njiani kurudi nilisema naye, huyu wa ndani. Nilimwambia geuka. Nilimwambia kwa Kirundi, kwa sababu hicho ndicho alichozoea.

Jumapili, 27 Julai

Hajageuka. Kichwa nakishika hapa chini ya mbavu, kigumu kama kitunguu.

Ijumaa, 1 Agosti

Tumeanza kung'oa. Lori la Yeremia limekwama Dar, mzigo haujatoka bandarini.

Jumamosi, 2 Agosti

Kung'oa, kuanika.

Jumapili, 3 Agosti

Kung'oa. Upepo unazungusha maganda, shamba lote jekundu linaruka. Kona yangu imetoa vitunguu vidogo kiasi cha ndoo moja. Pale penyewe, juu ya mtoto, sikung'oa. Chediel aliona, akapita.

Jumatano, 6 Agosti

Lori bado. Damari ananikatia mashina ya vitunguu vyangu pamoja na vyake, anasema visu vyangu butu. Visu vyangu si butu.

Alipokuwa anafunga neti ya vitunguu akaniambia bila kuinua kichwa, "Wifi, mimi nimezaa wanne. Tumbo likishuka namna hiyo halina miezi saba."

"Usimwambie mzee."

"Mimi nani wa kumwambia? Lakini lori si mkunga."

Nikamwambia nahitaji siku moja na nusu tu za kulala nyuma ya pazia. Akavuta kamba mpaka neti ikalia. "Haya," akasema. "Lala vizuri."

Alhamisi, 7 Agosti

Yeremia ametoka Dodoma. Atapita njia panda kesho asubuhi. Mgongo unauma chini, unakuja na kuondoka. Ni kazi ya kuinama. Nimefua soksi.

Jumapili, 10 Agosti, Shelui

Naandika nikiwa kituo cha afya, kitanda cha dirishani. Nitaandika kama ilivyokuwa, maana Urbano ataniuliza na mdomoni haitatoka sawa.

Ijumaa ilikuwa Nanenane. Mzee Chediel alinibeba kwa pikipiki yake mpaka barabara kuu, polepole, kila shimo alikuwa anasimama kabisa ndipo anashuka. Nilivaa soksi. Chupa ya maji nilining'iniza shingoni. Uchungu ulikuwa umeanza alfajiri, na kila ukija nilishika koti lake. Mara ya nne au ya tano akazima pikipiki pembeni.

"Dorkas." Hajawahi kuniita jina. "Hiyo ni miezi mingapi?"

Nikamwambia, "Mzee, naomba unifikishe."

"Nimeuliza miezi."

"Naomba unifikishe kwetu. Huyu nisimwache huku."

Alikaa na mikono kwenye usukani. Mbele kule lori lilikuwa limeshasimama, la bluu, linatoa moshi. Naona alipima. Turudi Nduguti, barabara mbovu, kwa pikipiki. Au twende lori, barabara ya lami, kitanda, na mbele kuna Shelui. Pengine angepima vile vile hata kama angejua kwamba mtoto amekaa vibaya. Lakini hakujua. Nesi alijua, ila hakujua miezi. Mimi peke yangu nilijua vyote viwili.

Akawasha. Alimpa Yeremia barua, akamwambia, "Usikimbize." Yeremia ni mtu mnene, mpole, alikuwa amebadilisha shuka kwa ajili yangu. Akanionyesha ngazi, pazia, taa ndogo ya kuwasha kwa kidole, na kengele ya kumbonyezea nikihitaji kitu. Nililala. Sijawahi kulala mahali laini namna ile. Lori halirushi kama basi, linatikisa tu kama mtu anayebembeleza. Nilikunywa maji. Nikajiwekea mto kati ya magoti kama Hanifa alivyosoma. Kwa kitambo niliamini.

Chupa ya uzazi ilipasuka tunateremka mlima Sekenke. Nilibonyeza kengele, lakini pale kwenye kona Yeremia hawezi kusimama, malori yako mbele na nyuma, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde. Nikamsikia anasema, "Vumilia dada, vumilia, nateremka." Nikaingiza mkono nikashika mguu. Mguu mdogo, wa moto, vidole vyake vikanisukuma. Ulikuwa hai. Hilo nataka liandikwe. Ulinisukuma.

Mwili ulitoka bondeni. Kichwa kilibaki. Yeremia alipita magari yote akipiga honi bila kuachia mpaka Shelui, na manesi walipanda ngazi wakamtoa humo humo nyuma ya pazia, lakini kichwa kilichukua muda, na muda ule alikuwa hana. Wa kike. Nywele nyingi.

Nesi mmoja wa hapa alisoma barua, akanitazama. Alikuwa mtoto wa kutimia, kila mtu aliona. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Yeremia alikaa mpaka jioni. Mzigo wake unafuatiliwa, hawezi kulaza lori, lakini amempigia mwenzake aliye nyuma yake, mwenye gari kama lake, atanipitia Jumanne. Alibeba godoro lake mwenyewe mpaka bombani, akaliosha, hakukubali kusaidiwa.

Jana Mzee Chediel alifika. Nilimsalimia. Hakukaa.

"Wanasema azikwe hapa mjini," nikamwambia. "Au nimchukue. Lakini mpakani hawatanipitisha naye."

"Hawatakupitisha."

"Mzee, nilisema uongo. Tangu mwezi wa sita."

"Damari ameniambia." Alitazama nje dirishani, kwenye pikipiki yake. "Mke wangu alizaa wawili namna hiyo. Mimi si daktari. Lakini niliona unavyotembea. Nilipenda kuamini ile sita, kwa sababu sheria ni yangu, na kukufukuza sikutaka."

Kisha akasema, "Kama utaniruhusu, nitampeleka shambani. Nitamlaza pale kona, kwa kaka yake. Pale pakavu. Maji yale nitaendelea kuyageuza."

Sikuelewa upesi. Nilikuwa mchovu, na nilikuwa nimekasirikia ile pampu msimu mzima. Nikamwona tena akimnyang'anya jembe mwenye zamu, akiyakata maji kabla hayajafika mwisho. Mara ngapi, na mimi nimesimama nimeshika kiuno, nahesabu vitunguu vilivyodumaa.

Nikampa. Alimfunga kifuani kwa kitenge changu, kile nilichokuwa najifungia tumbo, akavaa koti juu yake na kufunga vifungo, kama mtu anayemkinga mtoto na upepo. Nilimsikia akiwasha pikipiki. Alikwenda polepole. Nilisikiliza muda mrefu.

Jumatatu, 11 Agosti

Maziwa yamekuja. Nimeyakamulia kwenye chupa ya Hanifa, kwa kuwa ndiyo isiyovuja, kisha nikamwaga nje kwenye mchanga.

Damari amepiga. Kona imekwisha kuzungushiwa mawe, mzee amebeba mwenyewe. Hanifa amemtumia mumewe salamu kutoka Maskati, amefika vizuri, anauliza kama nilivaa soksi.

Jumanne, 12 Agosti

Lori limefika. Dereva huyu ni kijana, hajaambiwa kitu zaidi ya kwamba kuna abiria wa Kobero. Barua hakuitaka, maana hakuna cha kuandikiwa barua.

Kitanda ni kama kile, pazia lina maua. Nimelala chali, jambo ambalo sijaweza tangu mwezi wa nne, na miguu nimeinyoosha mpaka mwisho. Kabla hatujaondoka dereva amefunua pazia kidogo, ameniuliza kama niko sawa huko nyuma, nisije nikabanwa.

Nimemwambia niko sawa, kuna nafasi.